Gareth Edwards na pasi aliyolazimika kuisomea

Kila ninapoanza kumnoa kijana anayetaka kucheza namba tisa katika raga, yaani yule anayeupokea mpira kutoka kwa wachezaji wa mbele na kuwapasia wa nyuma, humwonyesha kanda za Gareth Edwards wa Wales, na kila mara kijana huyo huniomba turudie ile trai (kufunga kwa kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) ya 1973. Siwalaumu. Hata hivyo, mimi naona kwamba anayetaka kumwelewa Edwards hana budi kuanza na pasi yake, kwa sababu mbio na nguvu alizaliwa nazo, lakini pasi aliisomea.

Alizaliwa 1947, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Gwaun-Cae-Gurwen, kijiji cha kusini mwa Wales. Mwalimu wake wa michezo, Bill Samuel, alimshughulikia kwa ukali na subira, akamfanyisha mazoezi ya viungo na kukimbia kuruka viunzi, kisha akamsaidia kupata nafasi katika shule ya Millfield, England. Ukimtazama akijipenyeza kando ya skramu, ule msukumano wa mafowadi, yaani wachezaji wa mbele, wa timu mbili wakigombea mpira, mabega yakiwa chini na miguu ikisukuma kama ya fowadi, unayaona mazoezi hayo waziwazi.

Aliichezea Wales kwa mara ya kwanza mjini Paris, Aprili 1967, akiwa na miaka 19, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, akawa nahodha mdogo kuliko wote katika historia ya timu hiyo. Pamoja na sifa zote hizo, pasi yake ilikuwa bado na kasoro. Namba tisa wengi wa wakati ule walijirusha chini ili mpira ufike mbali, na aliyejirusha hubaki amelala wakati wenzake wanaendelea na mchezo. Edwards alijifunza pasi ya kuzungusha, ambayo Chris Laidlaw wa New Zealand alikuwa akiitumia: mkono wa nyuma unaupitia mpira kwa juu wakati wa kuuachia, nao ukaenda ukijizungusha kama pia, ukikata upepo bila kuyumba. Faida yake si umbali tu. Aliyepiga pasi anabaki wima, na namba kumi, anayeipokea pasi hiyo, anaweza kusimama mbali zaidi na wakabaji.

Namba kumi huyo alikuwa Barry John. Husimuliwa kwamba walipofanya mazoezi pamoja mara ya kwanza, huku Edwards akitaka kupanga kila kitu, John alimjibu kwa ufupi kwamba yeye arushe tu, kudaka aachiwe mwenyewe. Wawili hao walikuwa nguzo ya kikosi cha Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, kilichofundishwa na Carwyn James, ambacho mwaka 1971 kiliishinda New Zealand kwao, michezo miwili kwa mmoja na sare moja. John aliacha kucheza 1972. Edwards akaendelea na Phil Bennett, na 1974 wote wawili walikuwa Afrika Kusini, ambako Lions hawakupoteza mchezo hata mmoja katika 22.

Sasa ile trai. Januari 1973, Cardiff, Barbarians, klabu ya wachezaji wanaoalikwa, dhidi ya New Zealand: Bennett anauokota mpira karibu na milingoti yake mwenyewe, anawakwepa wakabaji kwa kubadilisha miguu, na mpira unapita mikononi mwa wenzake mpaka kwa Derek Quinnell. Edwards, aliyekuwa nyuma ya wote, anatokea kwa kasi, anaidaka pasi ya Quinnell na kujitupa kwenye kona ya kushoto. Namba tisa kazi yake ni kuufuata mpira popote uendapo. Ndiyo sababu alikuwapo. Binafsi naipenda zaidi ile aliyoifunga dhidi ya Scotland 1972, alipotoka nusu yake ya uwanja, akauinua mpira kwa teke fupi juu ya beki wa mwisho, akaukimbiza na kuuangukia kwenye tope zito, akainuka uso wote ukiwa umepakwa udongo.

Aliichezea Wales michezo 53 mfululizo, akafunga trai 20. Mfululizo huo haumaanishi kwamba hakuumia: Twickenham 1970, dhidi ya England, alitolewa Wales ikiwa nyuma 13–6, Ray Hopkins akaingia, akafunga trai na kuigeuza mechi ikaisha 17–13. Hopkins hakuichezea Wales tena.

Edwards aliagana na timu ya taifa Machi 1978, Wales ilipoifunga Ufaransa 16–7 mjini Cardiff na kukamilisha mwaka wa kuwashinda wapinzani wote wanne wa michuano ya Mataifa Matano, mara ya tatu kwake baada ya 1971 na 1976. Kisha akachapisha kitabu cha maisha yake na kupokea malipo yake. Raga wakati huo ilikuwa mchezo wa ridhaa, kwa hiyo malipo hayo yalimfanya ahesabiwe mchezaji wa kulipwa, akazuiwa kufundisha au kuongoza katika mchezo huo. Sheria za ridhaa zilifutwa 1995, naye akiwa na miaka 48.