Seva mwenyeji ikifa, usikimbilie kuwasha nakala

Seva mwenyeji, yaani kompyuta inayobeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu), haifi peke yake. Huondoka na mashine pepe zote zilizokuwa ndani yake: ya barua pepe, ya hifadhidata, ya mafaili. Ndiyo maana taasisi nyingi huweka seva ya pili inayopokea nakala pacha ya kila mashine. Wengi hudhani kazi ngumu ni kuiwasha nakala hiyo. Kuiwasha ni kubofya mara chache tu. Kazi ni kuhakikisha mashine ya asili haifufuki.

Nitatumia mfano wa Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe. Katika Windows Server 2012 mabadiliko yalitumwa kwa seva ya pili, shehena moja kila dakika 5. Tangu toleo la 2012 R2 unachagua sekunde 30, dakika 5 au dakika 15. Seva ikizimika ghafla, kilichoandikwa baada ya shehena ya mwisho kufika kimepotea. Wakubwa wa ofisi waelezwe jambo hili kabla ya ajali, maana siku yenyewe hawatakuwa na masikio ya kulisikia.

Kwanza nenda chumba cha seva ukaangalie kwa macho. Huenda ni kebo ya mtandao tu iliyolegea. Ukiwasha nakala huku asili ingali hai, utakuwa na mashine mbili zenye jina moja, kila moja ikipokea data yake, na kuzipatanisha baadaye ni kilio. Mimi huchomoa kebo za mtandao za seva iliyokufa hata nikiwa na hakika imekufa.

Sasa nenda kwenye seva ya pili, bofya mashine kwa kitufe cha kulia, ingia sehemu ya unakili, agiza kuhamia nakala. Utaulizwa uanzie hatua ipi, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa wakati gani. Ya mwisho kabisa ndiyo yenye data nyingi, lakini kama diski ilikuwa inaharibu mafaili kabla ya kufa, uharibifu huo nao huenda umeshanakiliwa. Ikiwa ulihifadhi hatua za kila saa (2012 R2 inaruhusu hadi 24), rudi nyuma kidogo. Ikiwaka, ikague kabla ya kuthibitisha: ukishafuta hatua zile, hakuna kurudi.

Mashine ikiwaka lakini haionekani kwenye mtandao, mara nyingi kadi yake pepe ya mtandao haijaunganishwa na swichi pepe ya seva mpya, au anwani ya IP ni ya mtandao wa kule ilikotoka. Zikiwa nyingi, anza kuwasha mashine inayotambua watumiaji, kisha hifadhidata, ndipo programu zinazoitegemea.

Mtego wa mwisho huja seva ya zamani ikitoka kutengenezwa. Kwa kawaida Hyper-V huwasha yenyewe mashine zilizokuwa zikifanya kazi wakati seva inazimika, kwa hiyo iwashe bila kebo za mtandao, uzizime mashine hizo kwanza. Kisha rudisha kebo na ugeuze mwelekeo wa unakili, seva ya pili sasa iitumie ya zamani. Mabadiliko yakishafika yote, panga kurejea kwenye seva ya zamani usiku: mashine inazimwa, shehena ya mwisho inatumwa, na hakuna kinachopotea.

Chelezo, yaani nakala ya akiba inayotunzwa kando, bado inahitajika. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, nakala pacha nayo hulifuta muda mfupi baadaye.