Kupaki kinyumenyume: mkia unaongoza, pua inafagia

Ndani ya wiki ya kwanza, karibu kila mwanafunzi ninayemfundisha udereva hapa Mbeya huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, nikate usukani nikiona koni ya ngapi?" Anasema zile koni tunazopanga kuonyesha mipaka ya egesho. Linaniuma, kwa sababu najua limetoka wapi. Kuna mwenzake aliyekaririshwa: koni ya pili ikitokea dirishani kata wote, ya tatu ikitokea nyoosha. Alama hizo zinakubali kwa gari lile, kwenye kiwanja kile, kwa dereva wa kimo kile. Siku ya mtihani ukipewa gari jingine, au koni zikasogezwa hatua moja, umebaki mikono mitupu.

Mimi huanza na gari la waya, yale wanayotengeneza watoto wetu mitaani, lenye fimbo ndefu ya usukani. Naliweka juu ya boneti, nakunja tairi za mbele kushoto, nalivuta nyuma taratibu. Mkia unaingia kushoto, pua inatupwa kulia. Tairi za nyuma hazikunji, zinabiringika tu kwenye mstari wake, kwa hiyo gari zima linazunguka kwa kufuata ekseli ya nyuma. Ukienda mbele, tairi zinazokunja zimetangulia na macho yako yako hukohuko. Ukirudi nyuma zimebaki mwisho, na pua inafagia eneo kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, wakati wewe umegeuka unatazama nyuma.

Mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliangusha koni ya mbele kulia mara nne asubuhi moja. "Mwalimu, mbona nyuma nimeingia vizuri?" Nikamwambia, "Nyuma umeingia kweli, mama. Pua ndiyo umeiacha bila mlinzi." Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo cha kushoto. Tukaziondoa koni zote, akawa anarudi nyuma kwenye uwanja mtupu huku akitamka kwa sauti pua inakoelekea. Nusu saa nzima, kulia, kushoto, kulia.

Sasa, wapi pa kuanza kukata? Chukua gari dogo kama Toyota IST: urefu wake ni karibu mita 3.9, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.5. Usukani ukiwa umekatwa wote, ekseli ya nyuma inachora duara ambalo nusu kipenyo chake ni kama mita tatu na nusu hadi nne. Kwa hiyo kama egesho liko kushoto kwako, lipite mpaka tairi za nyuma ziwe mbele ya katikati yake kwa umbali unaokaribia urefu wa gari lenyewe. Shuka upime kwa hatua. Ukishapajua mahali hapo kwa miguu yako, gari lolote utalikadiria. Ukiwa unaingia, tairi ya nyuma kushoto ikiisogelea mno koni, kunjua usukani kidogo. Mkia ukipitiliza kwa nje, ongeza kukata. Kioo cha kushoto kiinamishe kabla ya kuanza, ili tairi ile na ardhi vionekane.

Hayo yote yanataka mwendo wa konokono, na hapa ndipo mji wetu unapotupima. Mbeya imelala chini ya mlima Loleza, viwanja tambarare ni vya kutafuta. Ukirudi nyuma kwa kupanda, balansi klachi: iachie mpaka gari litetemeke kidogo, ongeza mafuta kiasi, na mguu ubaki palepale. Tupo kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gari kuukuu lisilo na turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, linachoka mapema. Anayetoka kujifunzia Dar es Salaam huzimikiwa mara mbili tatu kabla hajazoea. Kwa kushuka ni kinyume chake. Kanyaga klachi, gari litashuka lenyewe, kazi yote ifanywe na breki. Usiguse mafuta kabisa. Nimeona wengi wakikanyaga mafuta kwa hofu, na gari linaruka kuelekea mtaroni.

Na asubuhi za Juni na Julai, futa kioo cha nyuma, washa na kipasha joto chake. Ukungu wa baridi yetu unaficha koni nzima.

Yule mama nilimpeleka kwenye mteremko wiki ya tatu, nikakaa kimya. Alisimama mara mbili katikati, akatazama kulia, akaendelea. Alipomaliza alivuta breki ya mkono, akashuka, na hakwenda nyuma kutazama mkia. Alikwenda moja kwa moja mbele, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya bampa na koni ya kulia.