Una aleji na unatakiwa kuchanjwa: mwambie muuguzi nini?

Katika vituo vya chanjo hapa Goma, muuguzi huuliza kabla ya kutayarisha sindano: una aleji yoyote? Majibu ya watu wazima hututia wasiwasi kwa namna mbili. Wapo wanaosema ndiyo, kisha wanageuka kurudi nyumbani bila kungoja swali la pili, kwa kuamini kwamba mwili unaokataa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) au dawa ya Bactrim utakataa na chanjo. Wapo pia wanaonyamaza wasije wakarudishwa, hali waliwahi kuvimba midomo na kukosa pumzi baada ya sindano. Wa kwanza wanajinyima kinga bure. Wa pili wanacheza na maisha yao.

Kusema tu "nina aleji" hakutoshi. Tunahitaji kujua ni ya kitu gani, ilikupata baada ya muda gani, na mwili ulifanya nini. Kuharisha siku mbili baada ya kula mayai hakutuambii kile kinachoambiwa na mtu aliyevimba koo baada ya dakika 10. Mkono kuuma, homa ya usiku mmoja au wekundu pale sindano ilipoingia si aleji. Ni kinga ya mwili inayojifunza kazi.

Vitu vingi vinavyowasumbua watu wa hapa havimo kabisa ndani ya chanjo: karanga, samaki, vumbi, manyoya ya paka, kwinini, Bactrim. Penisilini nayo haimo. Mwenye aleji ya hivyo anachanjwa siku hiyohiyo kama wenzake.

Vilivyomo ni vichache na vinajulikana. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, na mbegu yake ya kirusi kilichodhoofishwa, 17D, ni ileile iliyotengenezwa na Max Theiler na wenzake miaka ya 1930. Ukila kimanda au keki bila shida, mayai hayakuzuii. Kama yai liliwahi kukuvimbisha uso au kukukata pumzi, usiende kuchanjwa kimyakimya kwa sababu tu unatafuta kadi ya njano ya safari. Daktari atapima: anaweza kukupa chanjo kidogo kidogo chini ya uangalizi, au akakuandikia cheti kwamba kwa sababu za kiafya hukuweza kuchanjwa. Chanjo ya hepatitisi B, ambayo wafanyakazi wa afya wanaihitaji sana, hutengenezwa kwa hamira. Ile ya Ebola iliyotumika Kivu Kaskazini kuanzia 2018, Ervebo, inaweza kuwa na chembe za protini ya mchele. Aleji kali ya mchele ni nadra, lakini aliye nayo aseme.

Kuhusu mpox nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa Goma ndipo chanjo yake ilipozinduliwa nchini Oktoba 2024, na wenye eksima (ngozi kavu inayowasha) wengi waliiogopa. Hofu hiyo ina asili. Chanjo ya kale ya ndui, iliyowaachia wazee wetu kovu begani, ilikuwa na kirusi hai kinachozaliana, na kwenye ngozi yenye eksima kiliweza kusambaa na hata kuua. Chanjo ya sasa, MVA-BN, ina kirusi kilichodhoofishwa kiasi kwamba hakiwezi kuzaliana ndani ya mwili wa binadamu. Mwenye eksima anaipata, dozi mbili zikiachana siku 28. Tena anaihitaji, maana mpox ikiingia kwenye ngozi iliyochubuka inaweza kuwa kali zaidi. Wa kujieleza kwanza kwa daktari ni mwenye aleji kali ya mayai, au ya dawa za antibiotiki jentamisini na siprofloksasini.

Pumu nayo si kizuizi. Mji huu una moshi wa makaa na vumbi la volkano, na vifua vingi vinaumia. Kama leo kifua kinapiga miruzi, tulia kwanza, upate dawa, urudi kikiwa kimefunguka. Ila kuna jambo moja ambalo wagonjwa husahau kulisema: vidonge vya prednisolone au dexa (deksamethasoni). Anayemeza prednisolone miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili au zaidi asipewe chanjo zenye kirusi hai kama ile ya homa ya manjano mpaka daktari aamue. Dawa ya kuvuta kwa mdomo haina tatizo hilo.

Mbwa akikuuma, mambo hubadilika. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda ukachanjwe hata kama una aleji. Waambie tu, wajiandae. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mmenyuko mkali wa aleji kwa chanjo nyingi hupata mtu mmoja hivi kwa kila dozi milioni moja. Kwa homa ya manjano ni mara nyingi zaidi, lakini bado ni nadra. Hutokea haraka, ndiyo maana tunakuomba usubiri dakika 15, au 30 kama una historia ya aleji kali. Najua motari, dereva wa pikipiki, yuko nje anapiga honi na biashara umeiacha mtaani Birere. Kaa. Usimeze dawa ya aleji nyumbani ili ujikinge kabla ya kuja: haizuii mmenyuko huo, na inaweza kuficha dalili zake za mwanzo.

Anayezimia kwa hofu hupauka, hutoka jasho, mapigo ya moyo hupungua, na akilazwa fahamu humrudia upesi. Mwenye aleji kali hutoka vipele vya kuwasha mwili mzima, midomo na kope huvimba, sauti hukauka, kifua hubana, hutapika, na moyo huenda mbio. Huyo alazwe miguu ikiwa juu, au akalishwe kama pumzi inamshinda, asisimamishwe wala kupandishwa pikipiki kabla ya kuchomwa adrenalini: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye nyama ya paja upande wa nje, ikirudiwa baada ya dakika 5 asipotulia. Haidrokotisoni huja baadaye, haichukui nafasi yake. Una haki ya kumuuliza muuguzi kabla hujanyoosha mkono kama adrenalini ipo mezani, na muuguzi mzuri hatachukia.

Ikikutokea, usiondoke bila kuandikiwa kwenye kadi jina la chanjo, namba ya toleo lililo kwenye chupa, dakika zilizopita kabla ya dalili, na dawa uliyopewa. Kadi hiyo uje nayo kila unapochanjwa, hata kama chanjo ni nyingine.