Dozi ya kelele: hesabu ya masikio kwenye muziki wa laivu

Neno dozi tumelizoea dirishani kwa mfamasia: kutwa mara tatu, na umalize zote hata ukijisikia nafuu. Dozi ya kelele inakwenda kinyume, maana hii ndiyo unayotakiwa usiimalize. Ni jumla ya sauti iliyoingia sikioni kwa siku moja, ikihesabiwa kwa mambo mawili kwa pamoja: ukali wa sauti, na muda uliokaa nayo. Ndiyo maana aliyecheza mbele ya spika kwa dakika 10 na aliyekaa meza ya nyuma tangu saa tatu usiku hadi ukumbi unafungwa wanaweza kurudi nyumbani na mzigo unaolingana.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari. Ukiongeza kilo 3 kwenye kilo 97, hakuna atakayeona tofauti. Ukiongeza desibeli 3 kwenye 97, nishati inayoingia sikioni inakuwa maradufu. Ubaya ni kwamba sikio lenyewe halishtuki. Kwake ni kama sauti imepanda kidogo tu.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, imependekeza kwamba mfanyakazi asizidishe desibeli 85 kwa saa 8. Hiyo ndiyo dozi moja kamili. Kila desibeli 3 zikipanda, muda unakatwa nusu: kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 saa 2, kwenye 94 saa 1, kwenye 97 nusu saa. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Hesabu hii ilitungwa kwa kuwafikiria watu wa viwandani, wale wa mashine na nyundo, lakini sikio halijui kama kinachogonga ni nyundo au ni ngoma za mpiga dramu.

Sasa iweke hesabu hiyo ukumbini. Bendi imechangamka, sebene limeanza, watu wamejaa mbele ya jukwaa. Desibeli 100 pale si jambo la ajabu. Ukikaa hapo saa 4, umekula dozi 16 kwa usiku mmoja.

Mwaka 1976 kundi la roki la Uingereza, The Who, lilipiga London, kwenye uwanja wa Charlton, na sauti ikapimwa desibeli 126 mita 32 kutoka kwenye spika. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliiandika kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, kisha baadaye kikaacha kabisa kupokea rekodi za namna hiyo, kisije kikawachochea watu waharibu masikio. Kwa hesabu yetu, desibeli 126 zinamaliza dozi ya siku nzima kwa sekunde 2 na ushee. Mpiga gita wao, Pete Townshend, alikuja kuwa mmoja wa wanamuziki wa mwanzo kusema hadharani kwamba masikio yake yameharibika.

Yanaharibikaje? Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kimejaa majimaji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, majimaji yanatikisika, vinyweleo vinapinda, seli inatuma habari kwenye ubongo. Sauti ikizidi, vinapinda kama nyasi zilizokanyagwa. Vikipata mapumziko mapema vinaweza kuinuka. Vikikanyagwa sana seli inakufa. Kuku seli hizo zikifa anaota nyingine. Sisi binadamu hatukupewa bahati hiyo.

Seli za sauti nyembamba hukaa mlangoni mwa huyo konokono, na ndizo huanza kuumia. Kwa hiyo mtu haamki siku moja akiwa kiziwi. Anachopoteza kwanza ni herufi kama s na f, ambazo hazina besi yoyote. Unamwambia “sisi”, anasikia kama “fisi”. Anaanza kusema vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kwenye chumba kimya anaelewana nawe vizuri. Kwenye daladala lenye watu wengi anabaki kutikisa kichwa na kutabasamu.

Kuna ile hali ya kutoka ukumbini saa nane usiku, unaingia kwenye bajaji, na dereva anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Masikio yamejaa pamba na kuna mlio wa “nziii” usiozimika. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili, na ndipo tunapojidanganya. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwawekea panya sauti ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya muda vipimo vya usikivu vya panya wale vilirudi kama mwanzo. Walipochunguza ndani ya sikio, viungio vingi kati ya seli na mishipa ya fahamu vilikuwa vimepotea na havikurudi. Sikio la binadamu si la panya, lakini mimi baada ya kusoma habari ile sikuuona tena mlio wa asubuhi kama ukumbusho mzuri wa burudani. Mlio ukipita siku mbili, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio moja likizima ghafla, nenda siku hiyohiyo, usingoje.

Uchovu huohuo wa masikio unampata pia fundi mitambo, na hili watu hawalizungumzi. Ameanza kupima vyombo tangu jioni. Kufika saa sita usiku masikio yake yamechoka, muziki anausikia umefifia, basi anapandisha kidogo. Nusu saa baadaye anapandisha tena. Hana nia mbaya. Anaurudisha muziki pale alipousikia mwanzo. Wewe uliyeingia saa sita ukitokea nyumbani, masikio mabichi, ndiye unayeshangaa kwa nini hakuna anayelalamika.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, sauti ipimwe wakati muziki unaendelea, vizibo vya masikio vipatikane, na pawepo mahali pa utulivu pa kupumzikia. Usiisome hiyo 100 kama ahadi ya usalama. Ni maelewano kati ya afya na raha, kwa sababu tamasha la desibeli 85 lingekimbiwa. Kwa dozi, 100 bado ni robo saa. Ndiyo maana mwongozo huohuo unataja vizibo na mahali pa kupumzika.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni miguu yako. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika ya kawaida, sauti hushuka kama desibeli 6. Toka mita 2 hadi mita 4 na muda wako umeongezeka mara nne. Ndani ya ukumbi wenye kuta na bati nafuu ni ndogo, maana sauti inarudi, lakini ipo. Hapa nina ugomvi na sisi wapanga harusi. Niliwahi kuhudhuria moja ambapo bibi wa bwana harusi, mgeni wa heshima kuliko wote, alipewa meza ya mbele kabisa, yaani mdomoni mwa spika. Alikaa pale na kanga yake kichwani, mkono mmoja sikioni, mwingine ukipunga. Tulimheshimu hivyo kwa saa 5.

Vizibo vya sponji vinauzwa madukani kwa watu wa viwandani na vinafanya kazi, ila vinakata zaidi sauti nyembamba kuliko besi, hivyo muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Vipo vya wanamuziki, vyenye kichujio ndani, vinavyoshusha sauti zote karibu sawasawa. Kwa mwenye kwenda kwenye bendi kila wiki, au mwimbaji wa kwaya anayesimama jirani na spika kila Jumapili, thamani yake inaonekana haraka. Pamba na karatasi ya chooni ni kujifariji. Cha sponji kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu, kiingize, kishikilie kwa kidole hadi kivimbe. Kikiwa kimechungulia nje, hakijaingia. Watoto wadogo vizibo haviwafai, wao wavalishwe vile vya kufunika sikio lote, na wakae mbali.

Kosa letu kubwa ni salamu. Rafiki anatokea, unavua kizibo, mnaulizana habari za nyumbani huku mkipigiana kelele, unakirudisha. Kwenye desibeli 100, kizibo kilichokaa vizuri na kupunguza 20 kinakushusha hadi 80, na hapo hata usiku mzima haumalizi dozi. Lakini ukijumlisha salamu za watu watano, dakika tatu tatu, umeshatimiza robo saa, na dozi ya siku imekwisha ukiwa bado hujacheza hata wimbo mmoja bila kizibo. Mshike mkono mtoke nje, habari za nyumbani mkaulizane huko.