Jeti za nyota mbili: mambo ambayo watu wengi wanayachanganya

"Shimo jeusi linameza nyota halafu linatapika jeti." Hapana jamani. Jeti ni mkondo mwembamba wa gesi unaorushwa angani kwa kasi kubwa, na hapa tunaongelea zile zinazotoka kwenye jozi ya nyota zinazozungukana, ambapo mmoja wa jozi anaweza kuwa shimo jeusi. Kitu kikishavuka ule mpaka wa shimo jeusi ndo basi, hakirudi. Gesi inayorushwa haikuwahi kuingia ndani, imevutwa kutoka kwa nyota jirani, ikawa inazunguka nje kwenye diski ya moto mkali, na sehemu yake ikarushwa pande mbili kabla haijazama. Na si lazima hata pawe na shimo jeusi, kwenye jozi iitwayo Scorpius X-1 ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana sana cha nyota iliyokufa, na jeti inazo.

Wengine wanadhani darubini za redio zinasikiliza sauti. Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, ila macho yetu hayayaoni. Elektroni zenye kasi kubwa zikizunguka kwenye uga wa sumaku wa jeti zinayatoa, dishi zinayanasa, kompyuta inatengeneza picha.

Sasa hii ndo inapotosha watu zaidi: "kuna jeti zinazoshinda mwanga kwa kasi." Mwaka 1994 Felix Mirabel na Luis Rodríguez waliifuatilia GRS 1915+105, jozi ya shimo jeusi na nyota, kwa VLA, darubini ya dishi 27 kule New Mexico, wakaona bonge la gesi linasogea angani kama mara 1.25 ya kasi ya mwanga. Walichoona ni kweli, ila tafsiri ndo inahitaji utulivu. Bonge linakuja upande wetu kwa mshazari, karibu linakimbizana na mwanga wake lenyewe, kwa hiyo mwanga linaoutoa baadaye unaanzia karibu zaidi na sisi na unafika mapema kuliko ungefika kama bonge lingekwenda kando tu, basi safari ya siku nyingi tunaiona imebanwa kwenye siku chache. Wao walikadiria kasi halisi kuwa asilimia 92 ya mwanga, hakuna sheria iliyovunjwa.

Halafu SS 433, jozi nyingine yenye jeti. Kwenye picha za redio jeti zake zimejisokota kama skrubu na watu wanasema gesi inapinda njiani. Haipindi! Ni kama mpira wa maji unaouzungusha mkononi, kila tone linakwenda moja kwa moja, kinachogeuka ni mdomo, na huo wa SS 433 unamaliza mzunguko kwa siku 162 hivi. Gesi inakwenda kwa robo ya kasi ya mwanga na kidogo, na kwa kuwa kasi inajulikana, wataalamu walipima ukubwa wa ile misokoto angani wakapata umbali wake, takriban miaka ya mwanga 18,000.