Tegu wa Nguruwe na Kifafa cha Mtu Asiyekula Kitimoto

Kila inapozuka mada ya minyoo wa nguruwe hapa Dar es Salaam, mazungumzo huishia kwenye sahani: walaji wa kitimoto hujitetea kwamba nyama yao imekaangwa ikaiva, na wasioila humshukuru Mungu kwamba jambo hilo haliwahusu. Mimi nilisomea udaktari wa mifugo kabla ya kuhamia kwenye maabara ya vimelea vya binadamu, na kwa kuwa nimewatazama minyoo hawa kwa mnyama na kwa mtu, naona wabishani wote wanakosea mahali pamoja. Ugonjwa mbaya kuliko yote unaoletwa na tegu wa nguruwe, yaani vifuko vya lava (mtoto wa mnyoo huyo) kwenye ubongo, hauambukizwi kwa kula nyama ya nguruwe. Unatoka kwa binadamu mwenzetu, kupitia choo na mikono yake, na anaweza kuupata imamu, mtoto wa madrasa au mtu ambaye hajaonja nyama ya aina yoyote tangu azaliwe.

Tegu huyu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Taenia solium, ana maisha ya hatua mbili. Akiwa mkubwa huishi ndani ya utumbo mwembamba wa binadamu, na kwa kawaida hana mwenyeji mwingine katika umbo hilo. Ni mnyoo bapa mwenye urefu wa mita 2 hadi 4, pengine zaidi, ambaye kichwa chake kidogo kina vinyonyeo 4 na ndoana zilizopangwa kwa safu mbili, na mwili wake ni mlolongo wa pingili zinazoweza kufika 1,000. Pingili za mwishoni zikikomaa hukatika na kutoka pamoja na choo kikubwa, kila moja ikiwa imebeba makumi ya maelfu ya mayai. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake, lava hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kujenga vifuko kwenye misuli, ulimi, moyo na ubongo. Baada ya wiki 8 hadi 10 kifuko huwa kimekomaa. Mtu akiila nyama hiyo kabla haijaiva, lava hujishikiza kwenye utumbo wake, na baada ya takriban miezi 2 anakuwa tegu mzima anayeanza kuachia pingili. Uhusiano huu kati ya kifuko na tegu ulithibitishwa mwaka 1855 na daktari wa Kijerumani, Friedrich Küchenmeister, kwa njia ambayo leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeikubali: alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vifuko vilivyotolewa kwenye nyama ya nguruwe, na baada ya hukumu kutekelezwa akawakuta tegu wachanga utumboni mwa marehemu.

Hadi hapo mzunguko umetimia bila ubongo wa binadamu kuguswa. Tatizo huanza pale mtu anapomeza mayai badala ya kula vifuko, kwa sababu mayai hayo hayachagui kama tumbo yaliloingia ni la nguruwe au la binadamu. Yataanguliwa vilevile, lava watatoboa utumbo vilevile, na vifuko vitajengwa kwenye misuli, chini ya ngozi, ndani ya jicho na kwenye ubongo. Kwa maneno mengine, aliyekula nyama mbichi anapata tegu tumboni, ambaye kwa kawaida hamsumbui sana. Aliyemeza mayai ndiye anayepata vifuko kichwani. Tegu wa ng'ombe, Taenia saginata, hana tabia hiyo. Mayai yake hayajengi vifuko mwilini mwa mtu, na ndiyo maana simweki katika kundi moja na huyu wa nguruwe, ingawa watu wengi huwachanganya.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua majibu ya kijana wake alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Daktari, sisi nyumbani kwetu hiyo nyama hata sufuria yake haijawahi kuingia." Nilimjibu, "Nakuamini, mama, na wala sikuulizi mmekula nini. Nakuuliza nani anawapikia, na kama kuna mtu yeyote hapo nyumbani aliyewahi kuona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake." Swali hilo si langu peke yangu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 4 wa jiji la New York waliokutwa na vifuko hivi kwenye ubongo, wote kutoka katika jumuiya ya Wayahudi wa dhehebu linaloshika sheria za dini kikamilifu, watu ambao nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwa Waislamu. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako tegu huyu yupo kwa wingi. Nyama haikuwa na nafasi yoyote katika kisa hicho.

Kinachowafanya wagonjwa wasiunganishe mambo ni muda. Lava aliye hai ndani ya ubongo anajua kujificha dhidi ya kinga ya mwili, na anaweza kukaa miaka bila mgonjwa kuhisi chochote. Anapoanza kufa kinga humgundua, tishu zinazomzunguka huvimba, na hapo ndipo mtu mzima ambaye hajawahi kuugua degedege utotoni anapoanguka kwa mara ya kwanza. Waingereza walilisoma jambo hili kwa askari wao waliokuwa wamehudumu India: uchambuzi wa wagonjwa 450, uliochapishwa mwaka 1961, ulionyesha kwamba wengi wao walianza kupata kifafa miaka kadhaa baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo mgonjwa wa Temeke anayeanguka leo anaweza kuwa alimeza mayai akiwa anasoma shule ya bweni mkoani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu anachangia takriban asilimia 30 ya kifafa chote. Si kila kifafa cha Tanzania ni chake. Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, watafiti wanakihusisha kifafa hicho na ugonjwa wa usubi, ambao nao huletwa na mnyoo, ila wa jamii nyingine kabisa. Hata hivyo, mtu mzima anapoanza kuanguka ghafla, nasikitika kuona familia ikizunguka miezi kwa miezi kutafuta nani kamroga, wakati kichwa chake hakijapigwa picha ya CT au MRI, vipimo ambavyo hapa jijini vinapatikana Muhimbili na kwingineko.

Turudi kwa yule anayeyatoa mayai. Mwenye tegu mara nyingi hajijui. Pingili za tegu wa ng'ombe hujitembeza zenyewe na kutoka nje hata mtu akiwa amekaa kazini, kwa hiyo mwenye nazo hushtuka na kukimbilia hospitali. Pingili za tegu wa nguruwe hutoka kimya kimya pamoja na choo, na katika choo cha shimo hakuna anayeziona. Tena mayai haya yana hatari ambayo ya mchango hayana. Yai la mchango linahitaji kukaa kwenye udongo wiki 2 au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, ilhali yai la tegu likitoka tu liko tayari. Mtu aliyetoka chooni bila kunawa kwa sabuni, akaenda moja kwa moja kukatakata nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari, ameshamaliza kazi yote. Ndiyo sababu, mnisamehe wapenzi wa kitimoto, mimi nikiwa mezani huitilia shaka kachumbari zaidi ya nyama.

Jiji letu lina njia zake nyingine. Mvua za masika zikianza, wapo wanaotapisha vyoo ili maji ya mafuriko yabebe kilichomo, na maji hayo hupita kwenye vichochoro wanamocheza watoto kabla ya kufika mtoni. Mayai ya tegu huweza kuishi miezi kadhaa kwenye udongo wenye unyevu. Mboga za majani zinazolimwa kandokando ya Mto Msimbazi zikimwagiliwa maji yenye kinyesi zinaweza kuyafikisha mpaka jikoni kwa mtu anayeishi mbali na mto huo. Mchicha ukipikwa hauna neno, lakini majani ya saladi na giligilani huliwa mabichi. Kuyaosha kwa maji mengi yanayotiririka husaidia, ingawa hakuondoi kila yai.

Kuhusu nyama yenyewe, ningependa kila mnunuzi ajue vifuko vinavyoonekana. Ukipasua msuli wa bega au wa taya kwa kisu kikali, kufuata mkondo wa nyuzi zake, kifuko hujitokeza kati ya nyuzi kikiwa na urefu wa nusu sentimita hadi sentimita moja, cheupe kinachopitisha mwanga, mfano wa punje ya wali, na ndani yake kuna nukta moja nyeupe zaidi, ambayo ndiyo kichwa cha lava. Ukikibonyeza hupasuka na kutoa maji. Nguruwe mwenye maambukizi makubwa hana ubishi, kwani kila ukikata unakutana navyo. Kazi ngumu ni kwa nguruwe mwenye vifuko vichache, kwa sababu mkaguzi wa nyama hukata sehemu chache tu, kama taya, ulimi, moyo na bega, ili asiiharibu nyama ya mtu, na vifuko vinaweza kuwa sentimita chache kutoka kisu kilipopita. Muhuri wa mkaguzi ni kinga kubwa, lakini hauondoi wajibu wa kuivisha.

Vipande vidogo vya kitimoto vilivyokaangwa kwenye mafuta yanayochemka mpaka vikakauka havinipi hofu. Hofu yangu ni mbavu na minofu minene ya kuchoma, ambayo moto mkali wa mkaa huibabua nje haraka huku karibu na mfupa ikiwa bado ya rangi ya waridi, na mteja mwenye njaa na kinywaji mkononi hana subira ya kuirudisha jikoni. Kugandisha nako kunaua vifuko, mradi muda utimie: siku 4 kwa nyuzijoto 5 chini ya sifuri, au siku 3 kwa nyuzijoto 15 chini ya sifuri. Friza inayozimwa usiku ili kubana matumizi ya umeme haihesabiki.

Wafugaji wetu wanaifahamu sana homa ya nguruwe, kwa kuwa ikiingia bandani inafagia wote, na mtu anabaki na deni. Tegu hamuui nguruwe. Mnyama ananenepa, anauzwa na hela inapatikana, hivyo mfugaji haoni hasara yoyote inayomsukuma achukue hatua. Katika mikoa inayolisha soko la Dar es Salaam wanunuzi huwafungua nguruwe midomo na kupapasa ulimi, na akihisiwa uvimbe bei huporomoka. Utafiti uliofanyika Mbulu na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili hizo kwenye ulimi wa takriban asilimia 17 ya nguruwe waliopimwa. Kipimo hicho cha vidole hakikosei sana kinapohisi uvimbe, ila kinawapita wengi wenye vifuko vichache. Nguruwe aliyekataliwa naye hafukiwi. Huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu atakayemchinja mbali na macho ya afisa mifugo.

Dawa ipo. Oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe, dozi moja, huua vifuko vya kwenye misuli, lakini mabaki yake huchukua wiki kadhaa kuyeyuka, kwa hiyo haifai kumpa mnyama anayepelekwa machinjioni karibuni. Ipo pia chanjo iitwayo TSOL18, iliyobuniwa Australia, ambayo imejaribiwa hata hapa Tanzania pamoja na dawa hiyo. Kwa wafugaji wa Kigamboni, Goba na Chanika wanaofungia nguruwe bandani, hatari ni ndogo zaidi, isipokuwa kama kijana anayelisha mifugo hana choo na anajisaidia kwenye majani yaleyale anayoyakata kuwalisha.

Nina neno kali kidogo kuhusu kununua dawa za minyoo dukani. Dozi moja ya albendazoli ambayo wengi tunameza kila baada ya miezi michache inawatosha mchango na kwa kiasi fulani safura, lakini si tiba ya kutegemea dhidi ya tegu. Mbaya zaidi ni mgonjwa wa kifafa aliyesoma kwamba albendazoli inatibu vifuko vya ubongo, akaenda kuinunua na kuimeza nyumbani. Ni kweli dawa hiyo hutumika, ila lava wengi wakifa kwa pamoja ubongo huvimba, na kama kifuko kimo ndani ya jicho mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ndiyo maana hospitalini hutangulizwa picha ya kichwa na uchunguzi wa macho, na tiba huambatanishwa na dawa za kupunguza uvimbe na za kuzuia kifafa. Prazikwanteli, inayogawiwa mashuleni kwa ajili ya kichocho, nayo inaweza kuamsha kifafa kwa mtu mwenye vifuko asivyovijua, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake huanguka amweleze mgawa dawa kabla mtoto hajameza.

Ukiona vipande vyeupe bapa chooni, usivitupe. Viokote ukiwa umevaa glavu, viweke kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi na kifuniko kinachobana, uvilete maabara. Mayai peke yake hayatuambii kitu, kwa kuwa ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe yanafanana kabisa chini ya hadubini. Pingili nzima, ikibanwa kati ya slaidi mbili na kutazamwa kwenye mwanga, huonyesha matawi ya mfuko wa mayai, nasi huyahesabu: 7 hadi 13 kila upande ni tegu wa nguruwe, na yakizidi 15 ni wa ng'ombe. Akiwa ni wa nguruwe, tunaomba wote wanaoishi na kula pamoja na mgonjwa waje kupimwa, na mgonjwa mwenyewe hupewa niklosamaidi, gramu 2 kwa mtu mzima, dawa inayobaki utumboni bila kuingia sana kwenye damu. Choo hupimwa tena baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3, kwa sababu kichwa cha tegu kikibaki, pingili huota upya.