Samaki Vamizi wa Mtoni: Maana ya Neno na Kazi ya Kuwafuatilia

Perege wa Msumbiji, ambaye wataalamu humwita Oreochromis mossambicus, ni samaki wa asili wa mito ya kusini-mashariki mwa Afrika inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Huko kwao anatishiwa na sato aliyepandikizwa katika mito kama Limpopo, kwa kuwa wawili hao huzaana na kizazi chao huwa chotara. Lakini perege huyo huyo, alipopelekwa Asia na kwingineko kwa ajili ya ufugaji, alitoroka mabwawani, akaongezeka kupita kiasi, na leo jina lake limo katika orodha ya viumbe vamizi 100 walio wabaya zaidi duniani iliyotayarishwa na wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Kwao anahifadhiwa, ugenini anapigwa vita, na hakuna mwiba hata mmoja wa pezi lake uliobadilika.

Kwa hiyo anayetafuta maana ya “samaki vamizi” asianze kwa kumtazama samaki mwenyewe, bali aanze kwa kuuliza yuko wapi na anafanya nini hapo. Spishi asilia ni ile iliyofika mahali bila mkono wa binadamu. Spishi ngeni ni ile iliyoletwa, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Spishi vamizi ni ngeni ambayo imejizalisha, ikaenea, na kuenea kwake kunawadhuru viumbe wa asili. Wapo wanaoyachanganya maneno haya mawili ya mwisho, nami naona kosa hilo si dogo, maana wageni wengi hufa au hubaki wachache bila kuleta madhara yanayoonekana. Mpaka unaohesabika hapa ni wa bonde la mto, wala si wa nchi. Sato ni samaki wa asili wa Ziwa Tanganyika, lakini katika Ziwa Victoria, ambako wengi hudhani ndiko kwao, alipandikizwa katika karne ya 20, na katika mito ya Tanzania inayoelekea Bahari ya Hindi ni mgeni vilevile.

Madhara ya wavamizi ni ya namna nyingi. Wengine hula samaki wa asili au mayai yao, wengine huwanyang'anya chakula na mazalio, na wengine, kama samaki wa Ulaya na Asia ajulikanaye kama karpi, hufukua tope la chini hadi maji yakachafuka na mimea ya majini ikakosa mwanga. Dhara gumu kuliko yote kulitambua ni uchotara, kwa sababu mto huonekana umejaa samaki na wavuvi hawalalamiki. Mwenye jicho zoefu huangalia mkia: sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia, ilhali chotara anaweza kuwa na mistari michache, iliyofifia au iliyokatika. Hata hivyo, baada ya vizazi kadhaa jicho hushindwa na hubaki vipimo vya vinasaba peke yake.

Ufuatiliaji, basi, ni kazi ya kurudia vipimo vilevile, mahali palepale, kwa njia ileile, ili mabadiliko yaonekane. Kuvua mara moja na kuorodhesha kilichopatikana hakutoshi. Njia iliyozoeleka katika vijito ni uvuvi wa umeme: mtu hutembea majini akiwa amebeba betri mgongoni na fimbo yenye pete ya chuma mkononi, mkondo wa umeme huwalegeza samaki walio karibu, na mwenzake huwachota kwa wavu wa mkono kabla hawajazinduka. Hutiwa ndooni, hupimwa urefu na uzito, kisha hurudishwa. Katika mito yenye kina hutumika nyavu na mitego. Kinachoandikwa si idadi ya samaki tu bali pia muda uliotumika kuvua, kwani samaki 20 kwa saa moja na samaki 20 kwa siku nzima ni habari mbili tofauti kabisa.

Ugumu mkubwa uko kwenye sifuri. Wavu uliotoka mtupu unaweza kumaanisha kwamba mvamizi hayupo, au kwamba yupo ila ni wachache mno, na wakati huo ambapo ni wachache ndio ambapo kuwaondoa kungewezekana. Ndiyo maana siku hizi hupimwa maji yenyewe. Samaki huacha majini ute, kinyesi na chembe za ngozi zenye DNA yake, yaani vinasaba vyake; sampuli ya maji huchujwa kwa karatasi laini, na maabara hutafuta alama za spishi inayotiliwa shaka. Anayechota sampuli huvaa glavu mpya kila kituo, na huanza chini ya mto akipanda juu, asije akabeba chembe za kituo kimoja hadi kingine. Lakini maji hayasemi kila kitu. DNA husafiri na mkondo, na huweza kuletwa na mashua au ndege aliyekula samaki kwingine, wala haionyeshi kama samaki ni hai au mfu.

Mfano wa kazi hii ikikamilika ni mto Rondegat nchini Afrika Kusini. Micropterus dolomieu, samaki mla-nyama wa Amerika Kaskazini, alikuwa amewamaliza samaki wadogo wa asili katika sehemu ya chini ya mto huo, lakini hakuweza kuyapanda maporomoko, na juu yake wenyeji walibaki tele. Mwaka 2012, na tena 2013, sehemu ya takriban kilomita 4, kati ya maporomoko hayo na kizuizi kilichojengwa chini yake, ilitiwa rotenoni, sumu inayotokana na mimea na ambayo ni ya jamii moja na ile iliyomo katika utupa ambao wavuvi wa Afrika wameujua tangu zamani. Sumu hiyo haichagui, hivyo samaki wa asili waliokuwemo waliokolewa kwanza, na chini ya mto ilizimuliwa kwa kemikali nyingine. Wadudu wa majini nao walipungua kwa muda.

Vipimo vilivyofuata havikumpata tena mvamizi katika sehemu hiyo, na samaki wa asili waliteremka wenyewe kutoka juu ya maporomoko na kuijaza. Kizuizi cha chini kimebaki mahali pake, kikiwazuia wavamizi wasipande, na kikimzuia pia samaki yeyote wa asili aliyeteremka asirudi.